Mpira wa kriketi si wa kuchezea

Wewe unayesema kriketi ni mchezo wa wazee wa kunywa chai, hujaushika ule mpira. Ndani ni koki, ile ya vizibo vya chupa za mvinyo, iliyokazwa kwa nyuzi, juu ngozi, uzito kama gramu 160, na mshono umesimama juu kama kovu. Sasa urushiwe kwa kilomita 140 kwa saa, udunde chini, uinuke usawa wa uso. Una kama nusu sekunde ya kuamua.

Phillip Hughes, mpigaji wa Australia, helmeti alikuwa nayo, pale Sydney, Novemba 2014. Mpira ukampata shingoni, chini kidogo ya helmeti, mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo ukapasuka. Alikufa siku mbili baadaye, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka 26. Ndiyo maana helmeti nyingi siku hizi zina kikinga shingo kwa nyuma.

Wala si mpigaji peke yake. Raman Lamba wa India alikuwa mdakaji tu, Dhaka mwaka 1998, amesimama karibu kabisa na mpigaji, bila helmeti. Mpira ukamgonga kichwani. Akatoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe, na hakupona.