Poni wa miaka miwili kajaa manyoya, tumnyoe au tumwache?

MASWALI YA WASOMAJI

Habari za kazi na poleni na majukumu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Wales kusini, mume wangu ni mtu wa huku na kwao ni wafugaji. Mwezi wa tisa tulimnunulia binti yetu poni, yaani farasi wa umbo dogo, wale wa Wales wadogo wa milimani, dume amehasiwa, ana miaka miwili na nusu na hajapandwa bado. Alivyokuja alikuwa na nywele za kawaida tu zinang'aa, sasa hivi mwezi wa kumi na moja kajaa manyoya mpaka chini ya kidevu, tumboni yananing'inia, mvua ikinyesha anakuwa matope matupu na binti yangu anampiga brashi saa nzima vumbi haliishi. Jirani yetu anafuga farasi wa mashindano ya kuruka viunzi, anasema tumnyoe mwili mzima tumvalishe blanketi, atakuwa msafi na atakauka haraka. Mama mkwe anasema tusimguse kabisa. Mi nimekulia Lamu, mnyama niliyemzoea ni punda na punda wetu hawana haya mambo ya kunyolewa. Poni yuko nje usiku na mchana pamoja na wenzake wawili, kibanda kipo lakini hata hakitumii sana. Naomba jibu mapema maana jirani kasema wikiendi analeta mashine.
Mama wa Lamu, Wales

Mama wa Lamu, afadhali umeandika kabla hiyo wikiendi haijafika. Mwambie jirani ashukuriwe sana ila mashine abaki nayo. Mama mkwe wako yuko sahihi, na ngoja nikueleze kwa nini ili ukikaa na jirani muelewane vizuri, maana na yeye hajakosea kwa farasi wake, amekosea kwa huyu wenu.

Farasi ananyolewa kwa sababu moja kubwa, jasho. Farasi wa jirani anafanya mazoezi makali karibu kila siku hata kwenye baridi, akiwa na manyoya mazito anatoka jasho jingi linalowa mpaka kwenye ngozi, kazi ikiisha anasimama masaa na ule unyevu huku baridi inampiga, huyo ukimnyoa umemsaidia. Wenu hapandwi, haruki, kazi yake saa hizi ni kula, kucheza na kukua. Hana jasho. Usafi peke yake si sababu ya kumvua mnyama nguo yake mwanzoni mwa msimu wa baridi, na hapo sitazunguka, kumnyoa mtoto wa farasi mwili mzima ili tu apendeze naona ni kumuonea.

Halafu hayo manyoya hayajaja kwa bahati mbaya wala si kwamba kuna kitu kimemkosea. Mwili wa farasi unafuata urefu wa siku kuliko hata baridi yenyewe. Ikishapita tarehe 21 mwezi wa sita huko kwenu siku zinaanza kufupika, macho yanapata mwanga mchache, ubongo unatoa melatonini, ile homoni ya gizani, kwa muda mrefu zaidi kila usiku, na mwili unapokea hiyo habari unaanza kuandaa nywele za baridi wakati nyie bado mnavaa mikono mifupi. Ikipita tarehe 21 Desemba mambo yanageuka taratibu, na kuanzia mwezi wa pili au wa tatu mtayaona yanadondoka mafungu kwa mafungu mpaka ndege wanaokota ya kujengea viota. Kwa hiyo mkinyoa sasa hivi msifikiri yataota upya yote kama yalivyokuwa, ule muda wake wa kuotesha umeshapita kwa sehemu kubwa, mtakuwa mmejifunga kumvalisha blanketi mpaka machipuko.

Fanya hivi leo mvua ikishanyesha. Nenda kwa huyo poni, ingiza vidole katikati ya manyoya ya mgongoni mpaka uguse ngozi. Juu ni maji na matope, chini utakuta pakavu na pana joto. Nywele ndefu za juu zinateremsha maji, zile fupi laini za chini zinashika hewa, na ngozi inatoa mafuta yanayozuia maji yasiingie. Baridi ikizidi kuna misuli midogo inasimamisha nywele zote, hewa inayoshikwa inaongezeka. Hata siku ya theluji utaona imekaa mgongoni kwake haiyeyuki na yeye anakula tu, maana yake joto lake halitoki nje. Na ndio maana nakuomba hapo hapo mpunguzie binti brashi, hiyo saa nzima kila siku inaondoa mafuta yanayomkinga. Matope yaache yakauke, yapukutishe yale mabonge tu, sehemu ya kuangalia kila siku ni kwato na miguu. Najua mtoto anataka kumfanya rafiki yake ang'ae, ampe hiyo saa kwa kumtembeza na kamba, kumfundisha kusimama na kunyanyua miguu, itamsaidia zaidi siku ya kuanza kupandwa.

Na usimpime kwa punda wa Lamu. Punda asili yake ni sehemu kavu za Afrika, manyoya yake hayaongezeki sana msimu wa baridi na hayazuii mvua vizuri, ndio maana punda wanaofugwa Uingereza lazima wawe na banda la kujikinga. Poni wa Wales ni kinyume, ameishi kwenye vilima vya mvua na upepo vizazi na vizazi, ukimuona kasimama nje ya kibanda na mvua inanyesha usidhani hana akili, hasikii baridi unayosikia wewe.

Sasa umri. Huyu bado anakua mifupa na misuli, chakula anachokula kinagawanywa kati ya kukua na kupata joto. Farasi aliyenyolewa anaanza kutumia nguvu za ziada kujipasha joto hali ya hewa ikishuka kwenye nyuzi 5 hivi, huko Wales hizo ni siku nyingi tu. Blanketi litasaidia ndio, lakini blanketi linabana mabega ya mnyama anayekua, linachubua kifuani, wenzake watalivuta na meno wakicheza, mkanda ukilegea mguu unanasa, na mvua ikipenya mkachelewa kugundua ngozi inaharibika kwa chini. Tena hajawahi kusikia mashine ya kunyolea, siku ya kwanza iwe kunyolewa mwili mzima na mtu mwenye haraka, hofu hiyo anaweza kukaa nayo miaka.

Ila kuna kitu kimoja kinanipa wasiwasi kidogo na hukukiandika. Manyoya yanaficha mwili. Poni anaweza kuwa amekonda mbavu zote na kwa macho ukaona kanenepa, au amenenepa kupita kiasi na usijue. Kwa hiyo angalau mara moja kwa wiki pitisha kiganja mbavuni, kandamiza kidogo. Mbavu uzisikie kwa urahisi lakini zisichomoze. Ukizikosa kabisa, na shingo kwa juu imekuwa ngumu, huyo kanenepa, na hawa poni wa Uingereza unene unawaletea ugonjwa wa kwato wa kuvimba kwa ndani ambao ukishaanza ni mateso. Wapo wanaomnyoa sehemu ndogo tu poni aliyekomaa na aliyenenepa ili atumie mafuta yake msimu wa baridi, hiyo ipo na inafanya kazi kwa baadhi, lakini kwa huyu wa miaka miwili na nusu msifanye bila kuongea na veti, daktari wa mifugo. Mnapunguza majani kwanza. Kwa poni wa kilo 200 kilo 4 hivi za nyasi kavu kwa siku ni kipimo kizuri cha kuanzia kama malisho yameisha, na hizo nyasi ndio jiko lake, zikichachuka kwenye utumbo mkubwa zinatoa joto masaa mengi kuliko nafaka.

Ukisikia mbavu ni kali, tumbo kubwa, nywele hazina mng'ao zimesimama simama, fikiria minyoo. Kuna wale wadogo wekundu wanaojificha kwenye ukuta wa utumbo, ukipima kinyesi unaweza usione mayai hata moja, halafu mwisho wa baridi wanatoka kwa pamoja farasi anaharisha vibaya na wengine wanakufa, na walio hatarini zaidi ni wadogo kama huyu wenu. Kwa kuwa mmemnunua juzi na pengine hamjui alipewa dawa gani, mpigie veti wiki hii umuulize dawa ya minyoo ya mwisho wa vuli. Hili ndilo la haraka kwenye barua yako yote.

Angalia na chawa. Wanapenda manyoya marefu ya msimu huu, poni anajisugua kwenye nguzo mpaka anatoka vipara, tumia tochi kwenye mizizi ya nywele za shingoni utawaona. Wakiwepo mnatibu wote watatu siku moja. Na mgongoni kukiwa na magamba yanayotoka na kishungi cha nywele, huo ni ugonjwa wa ngozi wa mvua, bakteria wake anaitwa Dermatophilus congolensis, hilo jina la pili ni kwa sababu alielezwa mara ya kwanza kwa ng'ombe wa Kongo mwaka 1915. Hapo veti anaweza kukwambia nyoa hiyo sehemu tu ipate hewa, na hapo unanyoa.

Akifika miaka minne akaanza kazi na mkaona anatoka jasho, nyoeni chini ya shingo na kifua, inatosha. Mpaka hapo mwombe jirani awe anawasha mashine kwa mbali wakati poni anakula, hapo ndipo atawasaidia kweli.

Salamu. Niko Ujerumani kaskazini, poni wetu wa miaka 3 kanyolewa mwili mzima na kijana wa zizini bila sisi kuulizwa, mpaka masharubu kakata. Asubuhi anatetemeka. Nywele zitarudi lini?
Baba Pacha

Baba Pacha, pole sana na kwa kweli hiyo inaudhi. Zitaota kiasi ndani ya wiki kadhaa lakini usitegemee koti kamili mpaka msimu ujao, kwa hiyo blanketi lisilopitisha maji ni lazima, lenye ujazo wa ndani wa gramu 200 (ndio kipimo cha unene wake kilichoandikwa kwenye blanketi) mchana na usiku wa barafu 300 lenye kufunika na shingo. Kila siku livue umkague, ingiza mkono chini yake begani, pawe na joto na pakavu, pakiwa na jasho umezidisha, na usipime kwa masikio maana yanadanganya. Akitetemeka mwingize ndani umkaushe umpe nyasi kavu hapo hapo, akiendelea kutetemeka na blanketi anayo na anakula, mwite veti siku hiyo hiyo. Masharubu mwambie kijana asirudie, farasi anayatumia kupapasa vitu asivyoviona karibu na pua, na shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, limepiga marufuku kuyakata kwa farasi wa mashindano yake tangu 1 Julai 2021.

Mambo vipi. Nafanya kazi kwa farasi huku Limuru, mwezi wa saba poni wetu wanaota manyoya kidogo na mmoja mzee anayo marefu mwaka mzima. Ni ugonjwa?
Msomaji wa Limuru

Hao wa mwezi wa saba wako sawa kabisa, Limuru ni zaidi ya mita 2,000 na mwezi wa saba mnajua wenyewe ukungu wake. Hayawi mengi kama ya Ulaya kwa sababu karibu na ikweta siku ina masaa 12 hivi mwaka mzima, mwili haupati ile ishara kubwa ya siku kufupika. Huyo mzee ndiye wa kuangaliwa. Kama amevuka miaka 15, manyoya marefu hayadondoki, anakunywa maji mengi na kukojoa sana, misuli ya mgongo inapungua, huenda ni ugonjwa wa homoni uitwao Cushing, muombeni veti achukue damu apime homoni ya ACTH inayouonyesha, na wakati mnasubiri majibu huyo mnaweza kumnyoa akiwa anahema na kutoka jasho kwenye jua la mchana, ila jioni afunikwe.