"Nyimbo za kulala": anayelala ni nani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nimekusanya nyimbo ambazo kina mama wa nchi mbalimbali huwaimbia watoto wachanga ili wapate usingizi. Jaladani niandike "Nyimbo za Kulala", "Nyimbo za Usingizi" au "Bembelezi"?

JIBU: Mwalimu, andika Bembelezi. Neno lenyewe halina fumbo: bembeleza na bembea ni ndugu, na mtoto anayebembelezwa huyumbishwa kweli mapajani au mgongoni. Pwani utasikia pia kuongoa mtoto, nalo ni Kiswahili safi.

Lakini hizo "nyimbo za kulala" zimenichosha. Nazikuta kwenye majalada, nazikuta kwenye video za watoto, na kila mara najiuliza: anayelala ni nani? Chukua dawa ya mbu. Tunaiita dawa ya kuua mbu. Hakuna mwenye duka aliyewahi kuombwa dawa ya kufa mbu. Ni kweli mbu ndiye afaye, ila kazi ya dawa ni kuua, na dawa huitwa kwa kazi yake. Nenda dukani uombe "dawa ya kufa", uone kama muuzaji hataita majirani! Basi na wimbo una kazi yake, nayo ni kulaza. Mtoto hulala, wimbo humlaza. Kati ya lala na laza kuna herufi moja, na ndani ya herufi hiyo yumo mama aliyekesha. Ukiifuta, umemfuta naye.

Najua nitaulizwa, mbona twasema chumba cha kulala? Chumba hakimlazi mtu. Mtu huingia mwenyewe akalala. Mtoto wa miezi mitatu anayelia saa nane za usiku halali mwenyewe. Hulazwa, tena kwa jasho.

Wajapani wamelishika hili vizuri. Bembelezi kwao ni komoriuta: ko ni mtoto, mori ni kutunza, uta ni wimbo. Jina zima limesimama upande wa mlezi. Komoriuta mashuhuri ya kijiji cha Itsuki, mkoani Kumamoto, ni kilio cha msichana maskini aliyepelekwa kulea watoto wa watu. Mtoto yuko mgongoni, dhiki ni ya mwimbaji. Mfaransa naye husema berceuse, kutokana na bercer, kubembeza. Na mama wa pwani yetu anapomwimbia mwanawe "ukilia waniliza", ni machozi ya nani yanayoimbwa hapo? Wimbo kama huo utauitaje "wa kulala"?

"Nyimbo za usingizi" nazivumilia, kwa sababu usingizi ni jina tu, haumtaji anayelala wala anayelaza. Ila mwalimu, kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, chambua: kama zimepenya za kupiga makofi na kuzunguka duara, hizo ni nyimbo za michezo, watoto huziimba wenyewe mchana. Mwimbie mchanga mojawapo usiku, mtakesha wote wawili.