Baba hakutusimulia bahari, tumwandikie nini?

SWALI: Shikamoo Bibi. Baba yetu alifariki wiki tatu zilizopita, tukamzika kwao Waa. Alikuwa mwanamaji. Aliingia kambi ya wanamaji ya Mtongwe 1975, akastaafu 1997 akiwa sajenti, na miaka yote hiyo alikuwa fundi wa injini, kwanza kwenye meli ya KNS Mamba, kisha KNS Nyayo. Arubaini inakaribia na tumekubaliana asomewe wasifu mfupi, wajukuu wajue babu yao alikuwa nani. Hapo ndipo tulipokwama. Kaka mkubwa ameandika vyeo, nishani na majina ya meli, basi. Ukiisoma karatasi yake ni kama ya mtu yeyote. Mimi nataka aandikwe yule Baba aliyekuwa akitupigia pasi sare za shule kila Jumapili usiku, kwa pasi ya makaa, marinda yakasimama kama kisu. Lakini habari za kazini hakutusimulia hata siku moja. Na niseme kweli, tulipokuwa wadogo tulimwogopa, kwa jinsi alivyopaza sauti hata akiomba chumvi. Kitu pekee cha bahari tulicho nacho ni kopo la biskuti alilorudi nalo kutoka Portsmouth, Uingereza, 1988 walipoileta Nyayo. Mama anawekea nyuzi na vifungo. Tuandike nini?
Binti wa baharia, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Poleni sana wewe, nduguzo na Mama. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee na ampe kauli thabiti.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu nami nililelewa na fundi wa injini wa Mtongwe. Nianze na ile sauti, maana naona ndiyo inayokuuma. Chumba cha injini cha manowari kiko chini, hakina dirisha, na dizeli zikishawaka mtu aliye hatua moja nawe humsikii. Mafundi huzungumza kwa mikono, au mmoja humwinamia mwenziwe sikioni akapiga kelele. Kaa humo miaka 22, masikio yanakwenda. Baba yako alikuwa akiomba chumvi kwa sauti aliyoweza kuisikia mwenyewe. Hasira haikuwamo.

Baba yangu alipostaafu alikuwa hasikii friji ikinguruma. Akipita jikoni huweka kiganja juu yake, akatulia kidogo, akaenda zake. Kwenye feri ya Likoni alikuwa akishika chuma cha pembeni na kuniambia, "Injini moja inavuta, nyingine inabebwa." Nilidhani ni mchezo. Mpaka leo nikivuka nakishika kile chuma.

Kwa hiyo sauti iandike, tena itangulie vyeo.

Kaka yako naye usimvunje moyo. Majina ya meli yana uzito wake, ila ayafungue. Jeshi letu la wanamaji lilianzishwa 12 Desemba 1964, na boti zake za mwanzo za doria ziliitwa Simba, Chui na Ndovu. Mamba ikafuata 1974. Mwaka alioingia baba yako ndio mwaka wa boti za Madaraka, Jamhuri na Harambee. Nyayo na mwenziwe Umoja ziliundwa Uingereza, kila moja kama mita 57 tu, na kwa chombo hicho baba yako alikuja mpaka Mombasa, yeye akiwa chini asikoliona jua. Mtoto akisomewa majina hayo kwa mpangilio anasikia nchi ilivyokuwa ikijiita. Aeleze pia kwamba wanamaji wa Kenya hutumia vyeo vile vile vya jeshi la nchi kavu, maana yupo mjukuu atakayeuliza sajenti alitafuta nini baharini.

Sasa kimya chake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272. Baba yako alikuwa bado kazini, na kambi iko papo hapo. Yake siyajui, najua ya baba yangu. Alirudi usiku, akavua viatu nje, akaoga muda mrefu, hakula. Hakusema neno wala hatukumwuliza. Jumapili iliyofuata alitupeleka ufuoni, wavulana na wasichana, akaanza kutufundisha kuogelea. Hakukosa Jumapili hata moja aliyokuwa nyumbani, mpaka kitinda mimba wetu alipoweza kuelea peke yake. Simulizi lake la ile feri ni hilo, hatukupata jingine. Nyinyi mlipigiwa pasi. Mwulizeni Mama Jumapili hizo zilianza lini, na nani aliishika pasi mzee alipokuwa safarini. Jibu la Mama nalo liingie kwenye wasifu, kwa maneno yake mwenyewe.

Jambo jingine lina haraka. Tafuteni mzee mmoja aliyefanya kazi naye mle chini. Waliokuwa naye Mamba sasa wamevuka miaka 70, na hawangoji. Msimwulize habari za ushujaa, atawapa hotuba. Mwulizeni walikula nini zamu ya usiku, bahari ilipochafuka alikuwa akifanya nini, na walimpa jina gani la utani. Jina halikosekani, na mara nyingi nyumbani halijulikani. La baba yangu nililisikia siku ya mazishi. Mzee mmoja alisimama kando ya kaburi akasema, "Kiganja ametuacha." Nikalia hapo, nilikuwa bado sijalia.

Karatasi mbili zinatosha. Kaka asome vyeo na meli, wewe usome sauti na marinda. Kopo lileteni pia, liwekwe mkekani mbele ya wajukuu, na nyuzi za Mama zibaki humo humo.