Kwa nini habari ya Yuda na Tamari imekata hadithi ya Yusufu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kwenye jumuiya yetu tunasoma Kitabu cha Mwanzo. Sura ya 37 Yusufu anauzwa, ya 39 yuko Misri kwa Potifa. Katikati imekaa sura ya 38, Yuda na mkwewe Tamari, habari ya aibu tupu. Mwenzetu mmoja anasema iliingizwa hapo kwa makosa. Ni kweli?

JIBU: Milele amina. Usimcheke mwenzako, maana hata marabi, walimu wa Kiyahudi wa kale, waliuliza hivyo hivyo: sura hii inafanya nini hapa? Jibu wakalipata katika maneno mawili ya Kiebrania, *haker na*, yaani "hebu tambua".

Ndugu wa Yusufu wanachinja mbuzi, wanachovya kanzu yake katika damu na kumpelekea baba yao Yakobo: *haker na*, hebu tambua, ni ya mwanao au siyo? (37:32). Mzee anaitambua, anararua nguo zake. Sura inayofuata, Tamari, mjamzito kwa Yuda aliyelala naye bila kumtambua, anatolewa nje akachomwe moto. Hapigi kelele. Anamtumia mkwewe Yuda muhuri, kamba na fimbo alivyomwachia: *haker na*, hebu tambua, ni vya nani? (38:25). Katika Torati yote maneno hayo mawili yamekaa pamoja hivyo mahali hapo pawili tu. Rabi Hama bar Hanina, katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi (Sota 10b), anasema kwa "tambua" Yuda alimpa baba yake habari, na kwa "tambua" naye akapewa habari. Andiko halisemi ni ndugu yupi aliyetamka mbele ya Yakobo. Marabi wanamtwika Yuda, kwa kuwa ndiye aliyeshauri Yusufu auzwe.

Na mbuzi naye umemwona? Yuda alimwahidi Tamari mwana-mbuzi kuwa malipo. Rudi nyuma zaidi, 27:23: Yakobo kijana amevaa ngozi za wana-mbuzi mikononi, na Isaka *lo hikiro*, hakumtambua. Mzizi wa neno ni ule ule wa *haker*, herufi n-k-r. Aliyemdanganya baba yake kwa mbuzi alikuja kudanganywa na wanawe kwa mbuzi.

Mzizi huo una pande mbili: kutambua, na pia kuwa mgeni. Ndiyo maana 42:7 haitafsiriki vizuri. Yusufu aliwatambua ndugu zake *akajifanya mgeni*: kwa Kiswahili ni maneno mawili yasiyohusiana, kwa Kiebrania yanatoka tumbo moja. Jirani yako Mwislamu akikusomea Sura Yusuf, aya ya 58, utausikia mzizi huo huo kwa Kiarabu: ndugu walikuwa *munkirun*, hawakumtambua.

Lakini mimi ninalolipenda zaidi ni neno la rehani. Vile vitu vitatu Yuda aliviacha kwa Tamari viwe *eravon*. Unalijua: ni "arabuni", lile la Paulo anaposema Roho ni arabuni ya urithi wetu (Efe 1:14). Sasa soma 43:9. Njaa imebana, Benyamini anatakiwa Misri, baba anakataa kumwachia. Yuda anasema *anokhi e'ervenu*, mimi nitakuwa mdhamini wake. Mzizi wa arabuni tena. Zamani aliweka muhuri na fimbo; safari hii anajiweka mwenyewe, na katika sura ya 44 anamwomba mkuu wa Misri, asijue kuwa ndiye Yusufu, abaki yeye mtumwa, kijana arudi kwa baba yake.