Maswali na majibu: bakteria, kufunga, insha na mtoto asiye na subira

Wengi mlioandika safari hii mmeanza kwa "wanasayansi wamegundua". Nimechagua yale ambayo wanasayansi wengine wamesharudi kuyapima.

Nilisoma kwamba bakteria mwilini mwangu ni mara kumi ya seli zangu. Ni kweli?

Si kweli, ingawa hata vitabu vya vyuo vikuu viliandika hivyo. Chanzo ni makadirio ya harakaharaka ya mwaka 1972. Huyu akanukuu kwa yule, miaka ikapita zaidi ya arobaini. Mwaka 2016 Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo wakakaa kitako kuhesabu upya. Kwa mwanamume wa kilo 70 walipata seli za mwili zipatazo trilioni 30 na bakteria trilioni 38, wenye uzito wa gramu 200 hivi kwa jumla. Karibu nguvu sawa. Kati ya seli zetu hizo, zaidi ya asilimia 80 ni chembe nyekundu za damu, ambazo hata kiini hazina. Na kwa kuwa bakteria karibu wote wanaishi kwenye utumbo mpana, watafiti hao walisema kwamba kwenda haja kubwa mara moja kunaweza kuzifanya seli zako ziwe nyingi kuliko bakteria. Sitanii, wameliandika wenyewe.

Nikifunga saa 16, seli zangu zinajisafisha?

Jambo lenyewe lipo. Linaitwa otofaji: seli inakusanya vipande vyake vilivyochakaa, inavisaga, kisha inatumia tena malighafi yake. Yoshinori Ohsumi wa Japani alilichunguza kwenye hamira. Alichukua hamira iliyokosa vimeng'enya vya kusaga protini, akainyima chakula, na baada ya saa chache akaona kwa darubini ya kawaida vifuko vidogo vikirundikana ndani ya vakuoli, yaani kile kifuko kikubwa cha seli kinachosaga taka. Vilikuwa vinaingia, havisagwi. Kutoka hapo akazifuatilia jeni zinazoendesha kazi hiyo, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini kutoka kwenye hamira hadi kwenye saa 16 zako ni mbali. Otofaji haisubiri ufunge. Inaendelea kidogokidogo muda wote na huongezeka chakula kinapopungua. Kuipima kwa binadamu ni kazi ngumu, maana huwezi kumkata mtu kipande cha ini kila baada ya saa mbili. Hiyo 16 haikutoka kwenye maabara ya Ohsumi. Funga ukipenda, ila kama unatumia dawa za kisukari, zungumza na daktari kwanza.

Nafundisha sekondari na insha za wanafunzi wangu hazisomeki. Niongeze vipindi vya sarufi?

Mwalimu, usikimbilie huko. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walijumlisha majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanafunzi kuanzia darasa la nne hadi la kumi na mbili. Kilichosaidia zaidi ni kuwafundisha waziwazi namna ya kupanga insha, kuipitia na kuirekebisha. Sarufi iliyofundishwa peke yake, nje ya uandishi, haikuinua insha. Matokeo yake yalielekea hata kushuka kidogo. Hapa niwe mkweli kwa wenye sarufi yao: katika mengi ya majaribio hayo, darasa la sarufi lilikuwa lile la kulinganishia tu, si lile lililoandaliwa lishinde.

Kilichofanya vizuri pia ni zoezi la kuunganisha sentensi. Waandikie ubaoni "Mvua ilinyesha. Mto ulijaa." Watazileta: "Mvua ilinyesha hadi mto ukajaa." "Mto ulijaa kwa sababu ya mvua." "Mvua iliponyesha, mto ulijaa." Waulize ipi inafaa kama aya inahusu mto. Sarufi ipo humo tele, na inafanya kazi.

Kuandika kwa kalamu darasani kunashinda kompyuta?

Utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa 2014 ulisema ndiyo. Uliporudiwa, na matokeo kutolewa 2021, wenye kompyuta waliandika maneno mengi zaidi na kunakili mhadhara neno kwa neno, kama mwanzo. Kwenye mtihani, tofauti ya maana kati ya kalamu na kompyuta haikuonekana. Mimi nashika kalamu, kwa mazoea tu.

Mwanangu wa miaka minne hawezi kusubiri peremende ya pili. Atafeli maisha?

Hofu hiyo imetokana na majaribio ya mwanasaikolojia Walter Mischel: mtoto anapewa peremende moja, na akisubiri bila kuila anapata ya pili. Waliosubiri walionekana kufanya vizuri zaidi baadaye, lakini wengi wa watoto aliowapima walitoka kwenye shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake waliangalia watoto zaidi ya 900 wa familia za hali tofauti. Uhusiano kati ya kusubiri utotoni na masomo ya umri wa miaka 15 ulikuwa nusu ya ule wa zamani, na hali ya nyumbani na uwezo wa mapema wa mtoto vilipozingatiwa, ukapungua kwa theluthi mbili. Mwache ale, kisha apige mswaki.