Ugomvi wa feni na joto la kukoma hedhi

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa feni. Saa nane za usiku naamka kifua kinawaka, shingo na mgongo vimelowa, shuka limenigandama. Nainuka naiweka namba tano. Haipiti muda baba watoto naye anaamka akitetemeka, anairudisha namba moja. Nilidhani ni kaskazi tu, maana Mombasa mwezi wa Machi hata paka hulala sakafuni. Lakini kusi likaingia, mvua za mwezi wa nne zikanyesha, watu wakajifunika, na mimi bado najipepea na kifuniko cha sufuria.

Nilikuwa na miaka 49, hedhi imeanza kuruka miezi. Khalati yangu alinikuta kwenye harusi nimejibanza dirishani, wanja unanichuruzika, akaangua kicheko. "Harara za ukubwa hizo, mwanangu. Hutazizoea, lakini zitapita."

Nilivyokuja kuelewa ni hivi. Ubongo una sehemu inayosimamia joto la mwili. Homoni ya estrojeni ikipungua, sehemu hiyo huwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, mwili huona kama unaungua: mishipa ya ngozi inatanuka, jasho linamwagika, kisha unabaki unasikia baridi. Fukuto moja ni dakika chache. Hali yenyewe, kwa wengi wetu, ni miaka.

Kabla sijagusa dawa yoyote nilikwenda kupimwa, na hili nalisisitiza kwa sababu tunaishi Pwani. Jasho la usiku linaweza kuwa malaria, kifua kikuu, virusi vya ukimwi au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Ukiwa na kikohozi kisichoisha, homa, au unakonda bila sababu, usikae nyumbani ukisingizia umri.

Vipimo viliporudi safi, nikageukia kitanda. Jamani, godoro langu la sponji lilikuwa na nailoni yake ya dukani miaka sita, eti lisichafuke! Nilikuwa nalala juu ya mfuko wa plastiki. Niliichana siku hiyo hiyo. Shuka zinazoteleza nikazigawa, nikarudi kwenye leso. Si leso yoyote, kwani siku hizi pale Biashara Street utapewa inayong'aa kama zawadi, kumbe polista tupu. Tafuta ya pamba, na bora zaidi ile kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika. Moja naitandika chini yangu, nyingine inakaa karibu na mto pamoja na gilasi ya maji. Nikilowa navuta, nabadilisha, narudi kulala bila kuwasha taa. Buibui pia nilishonesha jipya la kitambaa chepesi, lile la zamani lilikuwa tanuri.

Kisha nikachukua daftari la mtoto la shule. Wiki tatu niliandika kila fukuto: saa ngapi, nilikula nini, nilikuwa na hasira na nani. Mshtakiwa mkubwa akawa kahawa. Nilikuwa na mazoea ya vikombe viwili vya kahawa chungu yenye tangawizi baada ya sala ya Isha. Nilipovihamishia asubuhi, usiku ukapungua makali, nikawa naamka mara moja badala ya nne. Jioni sasa nakunywa maji ya ukwaju. Chakula cha saa nne usiku nacho nilikiacha. Pilipili, ambayo huwasumbua wengi, kwangu haikuonekana daftarini, basi nimeendelea nayo na achari yangu ya maembe. Ndiyo maana nasema uandike la kwako, usinakili la kwangu.

Uwatu niliujaribu kwa kuambiwa. Sikuona tofauti, ila jasho lenyewe lilianza kunuka uwatu, na hapo nikaacha. Uwatu hushusha sukari, kwa hivyo mwenye kutumia dawa za kisukari amuulize daktari kwanza. Na mwuzaji mmoja alinipiga bei kubwa kwa kopo la vidonge "vya asili" lisiloandikwa kilichomo. Nililipa, kwa ujinga wangu. Sikumeza hata kimoja.

Kuvuta pumzi polepole, kama sita kwa dakika, tasbihi mkononi, hakuzuii fukuto, ila kunanitoa ile hofu inayokuja nalo. Matembezi ya baada ya Alfajiri pale Mama Ngina, kando ya bahari, yameniondolea kilo chache, na kupunguza uzito kumewasaidia wengi wenye mwili kama wangu.

Mambo haya yasipotosha, zungumza na daktari. Tiba ya homoni ndiyo yenye nguvu zaidi, ingawa haimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, na zipo dawa nyingine zisizo za homoni. Na ikiwa umemaliza miezi 12 bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone, nenda upimwe. Hiyo si hedhi iliyorudi.

Kwangu feni imebaki namba tatu, suluhu iliyopatikana baada ya mazungumzo marefu. Baba watoto amenunua sweta. Mombasa hii, mtu analala na sweta.