Shombo na uvundo jikoni: pambana na unyevu kwanza

Sisi tunaokaa Jinja, Uganda, karibu na mwalo wa Masese kwenye Ziwa Viktoria, samaki hatuna shida nao. Mukene, yaani dagaa wa ziwani, wapo, sato wapo, sangara wapo, na mimi siwezi kukaa wiki bila mukene wa karanga. Harufu ya chakula kikiwa motoni hainisumbui hata kidogo. Inayonisumbua ni ile unayoamka nayo asubuhi, wakati sufuria zimeshaoshwa na sakafu imeshafagiliwa. Hiyo ukiifuata hadi chanzo chake, mara nyingi utakuta kitu kimelala kimelowa. Manukato ya kupuliza hayatakusaidia, kwa sababu chanzo bado kipo palepale.

Shombo ya samaki ina siri yake. Bakteria wakianza kula nyama ya samaki hutoa kemikali iitwayo trimethilamini, na hiyo ndiyo pua inayoinusa. Asidi huishika isiruke hewani, ndiyo maana bibi zetu walisugua mikono kwa ndimu. Nikimaliza kupara samaki, ubao na kisu navisuuza kwanza kwa maji baridi, maana maji ya moto hugandisha ute wa samaki kwenye mbao. Halafu nusu ya ndimu na chumvi, nasugua hasa kwenye mikwaruzo ya kisu, naacha dakika chache, ndipo nakuja na sabuni na maji ya moto. Mwisho ubao unasimamishwa juani. Usiulaze, upande wa chini hautakauka.

Maji yaliyooshea samaki yasikae ndani. Watu wengi huosha vizuri kabisa kisha beseni linabaki chini ya meza mpaka jioni. Mimi nayamwaga shambani, kwenye shina la mgomba, na beseni nalisafisha hapohapo nje.

Kwa mukene, kazi huanzia sokoni. Waliokaushwa mchangani huja na mchanga na mara nyingi ndio wanaoishia kwenye chakula cha kuku. Tafuta waliokaushwa juu ya nyavu au chanja. Ukifika nyumbani waanike tena hata kama muuzaji amekuapia kwamba wamekauka. Chukua mmoja umvunje: akikatika kwa sauti, sawa, akijikunja, arudi juani. Kisha waweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, wanatoa jasho, wanaota ukungu, na kabati zima linanuka.

Sasa maganda ya matoke, zile ndizi za kupika, ambayo kwa nyumba ya Uganda ndiyo takataka nyingi kuliko zote. Maganda yenyewe hayana ubaya. Ubaya ni kuyafungia kwenye kavera, kwa sababu yakikosa hewa yanavuja maji meusi na kuoza kwa harufu kali, na inzi wanafika kabla ya gari la taka. Mimi nayaweka kwenye kikapu kilicho wazi, nje ya mlango, na hayalali: jirani yangu ana mbuzi, mtoto wake anapita kuyachukua jioni. Majani yaliyofunikia matoke nayo yafuate njia hiyo, maana yakitoka kwenye mvuke yamelowa chapachapa. Na utomvu ukidondoka sakafuni, ufute mapema kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia, kisha sabuni. Ukikauka unakuwa mweusi na kushika kila uchafu unaopita.

Kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakishuku: dodoki la kuoshea vyombo, na kile kitambaa cha kufutia meza. Vinuse leo. Vikinuka, basi kila sahani unayoisafisha unaipaka ile harufu. Vichemshe kwenye sufuria ya zamani, vikamue, vitundike mahali penye upepo, na visilale ndani ya maji machafu hata usiku mmoja. Dodoki lililochakaa litupe, bei yake ni ndogo.

Wenye sinki, futeni mafuta ya sufuria kwa karatasi au majivu kabla ya kuosha, la sivyo yataganda ndani ya bomba. Lile kona la bomba chini ya sinki hubakiza maji makusudi ili kuzuia hewa ya mtaro isipande. Ukisafiri muda mrefu maji hayo hukauka, kwa hiyo ukirudi mwaga jagi moja kabla hujalaumu panya.

Nawaomba sana mambo mawili, kwa sababu haya yanaua. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiichanganye kamwe na ndimu wala siki. Hutoa gesi inayounguza mapafu. Na msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, usiingize sigiri (jiko la makaa) yenye moto ndani ya jiko lililofungwa ili kukausha unyevu. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Subiri mvua ikatike, fungua dirisha na mlango vyote viwili, upepo upite.

Friji ikikaa muda mrefu bila umeme, itoe kila kitu, ifute kwa maji ya magadi, kausha mipira ya mlango kwa kitambaa, na uache mlango wazi kidogo mpaka umeme urudi.